Alivyosimama Muema

Jumamosi ile Kavata hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipotoka kazini kwenye stoo ya mashuka ya hoteli pale Diani, mikono bado ikinuka sabuni, alishika njia ya Ukunda, akapinda nyuma ya duka la vitambaa alikokuwa amepanga Garama, akabisha hodi.

"Karibu, mpenzi," Garama aliitikia bila kuinua kichwa. "Lakini ingia polepole. Ukiniletea upepo utamtia huyu vumbi jichoni."

Kavata alicheka, akaufunga mlango nyuma yake kwa vidole viwili. Garama alikuwa ameinama dirishani, kioo cha kukuza amekifunga kwa waya kwenye paji la uso, na mkononi ameshika brashi nyembamba kama unyasi. Mbele yake, juu ya kifuniko cha chupa, alisimama askari asiyezidi kidole gumba.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Garama. Askari hao walikuwa sanamu zilizokuja kwa posta kutoka Ulaya, za madini ya risasi, rangi ya kijivu, wengine wamepinda bunduki njiani. Yeye aliwasugua kwa tupa, akawaunganisha viungo kwa gundi, akawapaka rangi nguo, mikanda, viatu na nyuso. Mwishowe aliwapitishia rangi ya kahawia iliyozimuliwa, ikajaa kwenye mikunjo ya nguo, na yule mtu wa madini akaonekana kana kwamba ametembea juani kutwa nzima. Wenye askari hao walikuwa wazungu wastaafu wa Galu na wageni wao, ambao kila wiki walikusanyika barazani kwa mmoja wao kucheza vita mezani. Walipanga majeshi yao juu ya vilima vya mbao, wakapima hatua za askari kwa utepe wa fundi cherehani, wakarusha dadu kuamua nani ameanguka na nani amesalimika. Garama naye alikuwa akialikwa kucheza. Hakuwa hodari. Askari aliyempaka rangi kwa siku kadhaa akiondolewa mezani kwa dadu moja tu, uso ulimnywea kama aliyefiwa, nao wakamcheka.

Na vita hivyo ndivyo vilivyowakutanisha. Mwaka uliotangulia Garama alifika kwenye stoo ya hoteli akaomba shuka lililochanika.

"La kufanyia nini?" Kavata alimuuliza.

"Nataka kulipaka rangi ya majani, liwe uwanja wa vita."

Kavata alimtazama juu mpaka chini, akadhani ana wazimu. Akampa shuka. Wiki iliyofuata Garama akarudi kuomba jingine, ingawa, kama alivyokiri baadaye, lile la kwanza lilikuwa limemtosha na kubaki.

"Tayari?" Kavata aliuliza sasa, akisogea dirishani.

"Tayari. Lakini mimi sikumjua. Wewe ndiye utakayeniambia kama ni yeye."

Garama alikivua kile kioo na kumpa. Kavata alikiweka jichoni, akainama.

Uso ulikuwa alama ndogo tu ya rangi, nyusi mbili na kivuli cha mdomo. Bereti ilikuwa imelala upande wa kulia, kama kwenye picha ya kaka yake aliyomletea. Lakini si bereti iliyomliza Kavata. Ilikuwa miguu. Askari yule alikuwa ameegemeza uzito wote kwenye mguu wa kushoto, goti la kulia limelegea kidogo, bega moja limeshuka, kama mtu anayesubiri kuitwa na hana haraka. Kaka yake alisimama hivyo maisha yake yote. Alipokuwa mdogo alianguka kutoka kwenye mkorosho akavunjika mguu wa kulia. Ulipona vizuri hata jeshi likamkubali, ila mazoea ya kuupumzisha hayakumtoka.

"Ni yeye," alisema. "Garama, ni Muema. Hata ukimfunika uso nitamjua."

"Nilimkata miguu mara tatu," Garama alisema kwa sauti ya chini. "Ile ya kiwandani ilisimama wima mno. Nikaiunda upya kwa udongo wa gundi. Kila nilipokwama nilikukumbuka wewe, ulivyosimama hapo mlangoni ukinionyesha."

Kavata alimshika mkono, rangi ikamganda vidoleni, wala hakujali. Tangu Muema afe, hapakuwa na mtu aliyekubali kumzungumzia naye. Alikufa mwaka wa zile mvua za El Nino, lori lililombeba yeye na wenzake lilipopinduka barabarani karibu na Mackinnon Road. Baada ya mazishi, Mzee Kisilu, baba yao, alizitoa picha zote ukutani. Akakataza jina lile lisitajwe nyumbani kwake. Hata mkewe, aliyekuwa akiitwa Mama Muema na kijiji kizima, mzee akaamuru aitwe Mama Kavata. Picha moja tu ilinusurika, ya kifua na kichwa, ambayo Kavata aliificha ndani ya mfuko wa nguo zake. Hiyo ndiyo aliyompa Garama.

"Nataka tumpe Mama," alisema ghafla.

Garama alimtazama. "Mimi nilikutengenezea wewe."

"Najua. Lakini Mama anakufa kidogo kidogo, Garama. Jumapili ijayo mkija na mjomba wako kubisha hodi kwa ajili ya posa, umpe yeye. Iwe ni zawadi yako kwake."

"Na mzee je? Wewe mwenyewe umeniambia jina halitajwi."

"Nitazungumza naye kabla hamjafika."

"Una hakika?"

"Niachie mimi," Kavata alisema, akampapasa shavu. "Baba yangu namjua mimi."

Garama aliucheka ule mkono wenye rangi uliomchora shavuni, akaubusu kiganjani. Chumba kile hakikuwa na kitu cha maana ila meza, kitanda na makopo ya rangi, lakini Kavata alijiona mwanamke mwenye kila kitu.

*

Juma zima aliyapanga maneno. Alhamisi alipata ruhusa ya kwenda kwao Kikoneni, akamkuta baba yake akipalilia mihogo. Akasimama kando yake na jembe, akapalilia mstari mzima.

"Baba," alianza.

"Eeh."

Mzee Kisilu aliinua uso. Alikuwa mtu mrefu, aliyetoka Kitui akiwa kijana akaja kufyeka shamba lake kwa mikono miwili, na macho yake, tangu msiba, yalikuwa yamekauka kama ya mtu aliyekesha. Kavata aliyaona macho hayo, akabadilisha maneno.

"Wageni watakuja Jumapili," alisema.

"Mama yako ameniambia."

"Nilitaka tu ujue."

"Nimejua," akasema mzee, akaendelea kulima.

Jumapili walikuja baada ya ibada. Garama alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Mjomba wake, Mzee Mangi, alitangulia, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama," Garama aliamkia, ameinamisha kichwa.

"Marahaba," mama yake Kavata alijibu kwa upole. Mzee Kisilu aliitikia kwa kichwa tu, akawaonyesha viti.

Wakazungumza habari za mvua na korosho. Kavata alileta chai, akazunguka na sinia, na alipofika kwa Garama macho yao yalikutana kwa kitambo kifupi. Garama aliinua nyusi kidogo, akiuliza: umemwambia? Na Kavata, Mungu amsamehe, alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyefurahi kumwona mpenzi wake chini ya paa la baba yake. Garama alilichukua kuwa ndiyo.

"Kijana anafanya kazi gani?" Mzee Kisilu aliuliza.

"Ni fundi wa rangi, ndugu yangu," Mzee Mangi alijibu haraka.

"Anapaka nyumba?"

"Hapana, mzee," Garama alisema. "Napaka sanamu ndogo. Za askari."

Kijiko kilisimama ndani ya kikombe cha mzee. "Za kazi gani?"

"Kuna mchezo wa vita, mzee. Hupangwa mezani, watu wawili wakashindana."

"Watoto?"

"Watu wazima."

"Watu wazima," mzee alirudia. "Wanacheza vita. Na wanaokufa?"

"Wanatolewa mezani, mzee. Kesho wanapangwa tena."

Mzee Kisilu alikiweka kikombe chini. Kavata alitamani kumziba Garama mdomo, lakini Garama, akiamini kwamba njia imekwisha kusafishwa, alikuwa tayari ametoa mfukoni kijisanduku cha mbao alichokitandika pamba, akapiga goti mbele ya mama.

"Mama, sikuja mikono mitupu. Hiki ni chako."

Mama alikifungua. Alitazama bila kuelewa, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango. Kisha akamtoa yule askari kwenye pamba, akamsimamisha kiganjani.

"Muema," alisema. "Wui, mwanangu. Muema."

Jina lile lilianguka katikati ya chumba, na hakuna aliyethubutu kusogea. Mzee Kisilu aliinuka.

"Lete hapa."

Mama alikifumbata kile kitu kifuani. "Sileti."

"Mama Kavata, lete."

"Mimi ni Mama Muema!" mama alipaza sauti, sauti ambayo Kavata hakuwahi kuisikia. "Nilimzaa yeye kwanza! Umeninyang'anya picha, umeninyang'anya jina. Huyu humchukui!"

Mzee hakumgusa. Aligeuka kwa Garama, aliyekuwa bado amepiga goti, na aliposema, alisema polepole.

"Nimeona vile kimesimama hicho kitu. Nani alikuambia mwanangu alisimama hivyo?"

Garama alimtazama Kavata.

Hakumtazama kwa hasira, wala kwa kumshitaki. Alimtazama kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni apite. Kavata alikuwa amesimama na sinia mikononi, vikombe vikigongana. Aliona macho ya baba yake yakianza kugeuka kumfuata. Akatazama chini, kwenye chai iliyomwagika siniani.

"Nilikisia, mzee," Garama alisema.

"Ulikisia mguu?"

"Fundi akiona mabega ya mtu hukisia miguu."

"Na mabega uliyaona wapi?"

"Kwenye picha. Nilipewa na askari mwenzake. Nilimtafuta mwenyewe."

"Ulimtafuta mwenyewe. Ili unilainishe moyo nikupe binti yangu?"

Garama aligeuka. Alimtazama tena Kavata, mara ya mwisho, na utosi wake ndio tu alioonyeshwa.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Ndiyo sababu."

"Basi toka kwangu," Mzee Kisilu alisema. "Umechukua maiti ya mtoto wangu ukaja kuchumbia nayo."

"Ndugu yangu, kijana amekosa, tunaomba radhi," Mzee Mangi alisema, akihangaika kutafuta kofia yake. Lakini Garama alikuwa ameshainuka. Aliwaaga wote kwa heshima, mmoja mmoja, hata mzee. Alipofika kwa Kavata alisema, "Kwaheri, Kavata," kwa sauti iliyomchoma kuliko tusi, akatoka juani.

*

Siku mbili Kavata alikunja mashuka bila kujua anachokunja. Siku ya tatu aliomba ruhusa mchana, akaenda Ukunda mbio mbio. Mlango wa Garama ulikuwa wazi. Ndani, meza ilikuwa tupu. Makopo ya rangi yalikuwa yamepangwa kwenye katoni, na Garama alikuwa akivingirisha askari kwenye pamba, mmoja mmoja.

"Unakwenda wapi?"

"Malindi. Kuna Waitaliano wanaotaka jeshi zima. Waliniita tangu mwezi uliopita, nikakataa." Alifunga mmoja, akachukua mwingine. "Nilikuwa na sababu ya kubaki."

"Na sasa?"

Garama aliendelea kufunga. Kavata aliingia, akasimama mbele yake ili amwangalie.

"Garama, nisamehe. Nilitaka kusema. Walahi nilitaka. Nilimwona Baba, nikaogopa."

"Najua uliogopa. Hata mimi niliogopa."

"Nitakwenda nimwambie kila kitu. Leo. Nitamwambia picha ni yangu, na mguu nilikuonyesha mimi, na kumpa Mama ni wazo langu. Atakuita. Atakuomba radhi yeye mwenyewe."

"Huenda."

"Basi usiende!"

Garama aliketi kitandani, akapangusa mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa na rangi. Macho yake yalikuwa mekundu. Kavata akaona kwamba naye hajalala.

"Baba yako ningemvumilia," alisema. "Angenifukuza, ningerudi. Angenifukuza tena, ningerudi na wazee wengine. Mtu aliyefiwa na mtoto ana haki ya kunifokea. Lakini wewe, Kavata. Nilikutazama. Sikutaka hotuba. 'Ni mimi, Baba.' Hayo tu."

"Nilikuwa nimepooza."

"Ulinitabasamia."

"Nini?"

"Nilikuuliza kwa macho kama umemwambia. Ukanitabasamia. La sivyo nisingelitoa lile sanduku."

Kavata aliweka mkono mdomoni. Hakuwa ameelewa mpaka dakika ile.

"Nilitabasamu kwa sababu nilikupenda," alisema, akilia. "Ulikuwa umependeza. Umekaa kwetu. Nilikutazama nikasahau kila kitu."

Garama aliinuka akamkumbatia. Alimkumbatia kwa nguvu, kidevu juu ya kichwa chake, na Kavata alisikia moyo wake ukigonga chini ya shati, akadhani wamepona.

"Ninakupenda," Garama alisema. "Sitakudanganya kwamba imekwisha. Lakini nikifunga macho nakuona umeshika lile sinia. Tutaoana, na siku moja kutatokea jambo, kwa sababu kwenye ndoa hutokea. Watu watakuwa wameniweka katikati, nami nitageuka kukutafuta. Na nitakuwa naogopa, Kavata, kabla sijageuka. Siwezi kuishi na mke ninayeogopa kumtazama."

"Nitabadilika."

"Naomba Mungu ubadilike. Kwa ajili yako."

Alimwachia taratibu, akarudi kwenye katoni. Kavata alibaki katikati ya chumba, mikono ikining'inia. Alingoja aitwe. Aliposikia kamba ikivutwa na fundo likikazwa, alijua hataitwa, akatoka.

*

Hakurudi kazini. Alipanda gari la Kikoneni, akashuka jua likiwa bado juu ya minazi. Baba yake alikuwa uani akifua nazi kwenye kifuo, kile kijiti chenye ncha kilichosimikwa ardhini. Makumbi, yale maganda yenye nyuzi, yalikuwa yametapakaa miguuni pake.

"Baba," Kavata alisema akiwa bado mbali, kabla hajayaona macho yake, "ni mimi. Picha nilimpa mimi. Mguu nilimwonyesha mimi. Yeye hakutaka kumleta yule askari hapa, mimi nilimlazimisha. Alikudanganya ili anifiche."

Mzee Kisilu aliifua nazi mpaka ikatoka, akaiweka juu ya wenzake.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Nani angeukisia mguu ule kwa picha? Aliujua mama yako, na mimi, na wewe. Niliposikia amekisia, nilijua anadanganya. Nikajua pia kwa nini." Aliketi chini juu ya makumbi, ghafla akaonekana amezeeka. "Nilikuwa nakungoja wewe, mwanangu. Nilisema moyoni, akifungua tu mdomo, namkalisha huyu kijana na tunaanza mazungumzo. Mtu anayebeba lawama ya mwenzake mbele ya baba mkali, nitamtafuta wapi mwingine? Lakini hukufungua. Nami hasira ikanishinda."

"Mbona hukuniambia, Baba? Siku zote hizi?"

"Na mimi nimezoea kunyamaza." Alipitisha kiganja usoni. "Muema alitaka useremala. Mimi ndiye niliyempeleka uwanjani Kwale akaandikwe jeshini. Nilimshika mkono kama mbuzi wa kuuza. Sijamwambia mama yako neno hilo, kwamba alilia njiani. Nilidhani nikilizika jina, na hilo litazikika."

Mlangoni kulikuwa na kishindo kidogo. Mama alikuwa amesimama pale. Alikuwa amesikia yote. Hakumlaumu mumewe. Alikuja akaketi kando yake juu ya makumbi, akamwekea mkono mgongoni, na mzee yule ambaye hakutoa chozi kaburini akainamisha uso magotini.

"Mwite kijana," alisema katikati ya kilio. "Kavata, kesho nenda kamwite. Mimi nitamwomba radhi."

"Ameondoka, Baba."

"Kwenda wapi? Mfuate."

"Nimetoka kwake sasa hivi. Hakukukimbia wewe. Amenikimbia mimi."

Baba yake aliinua uso akamtazama, na safari hii Kavata hakuinamisha macho. Haikumsaidia kitu. Mama akamvuta mkono, naye akaanguka kati yao, na watu watatu wa nyumba ile wakalia pamoja, kilio walichokuwa wamekiweka tangu zile mvua. Majirani waliosikia walisema, sasa wanamlilia Muema. Wazazi wake walikuwa wakimlilia Muema. Kavata peke yake ndiye aliyekuwa akimlilia mtu aliye hai.